Mhariri, tuandikieni maji yatafika wapi, sio upepo peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua nimeandika ndefu lakini hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu na kila nikisikia dhoruba imepiga pwani ya nchi yoyote ile linanirudia. Kimbunga kikitangazwa, iwe redioni, magazetini au kwenye zile meseji zinazozunguka kwenye simu, kitu cha kwanza tunachoambiwa ni upepo. Kilomita ngapi kwa saa, kategoria ya ngapi (ile ngazi ya 1 mpaka 5 inayopima nguvu ya upepo), jicho lake liko wapi. Basi watu wanapigilia misumari kwenye mabati, wanafunga madirisha, wanaingiza vitu ndani na wao wenyewe wanakaa humo humo ndani. Alafu wanaokufa wengi wao wanakufa kwa maji, tena sio ya mvua peke yake, maji ya bahari yanayoingia mpaka chumbani.

Sisemi kwa kukisia. Marekani walikaa wakahesabu vifo vilivyoletwa moja kwa moja na vimbunga vyao kuanzia 1963 mpaka 2012, wakakuta karibu nusu ya wale watu waliuliwa na bahari iliyopanda. Upepo wenyewe, ambao ndo unapewa vichwa vya habari, ulichukua sehemu ndogo tu ya vifo hivyo.

Kinachotokea ni hiki. Upepo mkali ukivuma juu ya bahari kwa saa nyingi unayasukuma maji kuelekea nchi kavu, na yakifika kwenye kina kifupi hayana pa kurudi, yanarundikana, yanapanda. Juu ya hapo, katikati ya kimbunga mgandamizo wa hewa unashuka na bahari inainuka kama sentimita 1 kwa kila milibari 1 inayoshuka. Hiyo ya hewa ni nyongeza tu, hata kimbunga kikali sana itakupa mita 1 hivi, kazi kubwa inafanywa na upepo na umbo la sakafu ya bahari. Ndo maana kimbunga kile kile kikipiga pwani yenye kina kirefu karibu na ufukwe maji hayapandi sana (ingawa mawimbi yanakuwa makali), lakini kikipiga pwani yenye mteremko wa taratibu unaoenda mbali baharini maji yanapanda mita kadhaa na kuingia ndani kilomita nyingi. Ghuba ya Bengali imekaa vibaya kuliko karibu sehemu zote duniani, imekuwa nyembamba kuelekea kaskazini na kina chake huko ni kifupi, maji yakisukumwa yanabanwa kama kwenye mdomo wa faneli. Novemba 1970 maji hayo yaliua watu wasiopungua 300,000 katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Usiku mmoja.

Sasa ile namba ya kategoria haikwambii chochote kuhusu hayo maji. Kule Marekani kimbunga Katrina cha 2005 kilipofika nchi kavu kilikuwa kategoria 3, wakati kimbunga Camille cha 1969, kilichopiga pwani hiyo hiyo ya jimbo la Mississippi, kilikuwa kategoria 5. Wapo waliokuwa wameiona Camille kwa macho yao, nyumba zao zilibaki zimesimama, wakasema kama ile ya 5 haikunifikia hii ya 3 itanifanya nini, wakabaki. Katrina ilileta maji ya zaidi ya mita 8 sehemu zingine za pwani ile, juu kuliko Camille, kwa sababu kimbunga chenyewe kilikuwa kipana sana na kilikuwa kimeshasukuma bahari kwa muda mrefu kikiwa na nguvu zaidi kabla hakijafika. Wale watu hawakuwa wapumbavu hata kidogo. Walitumia kipimo walichopewa, na kipimo chenyewe kilikuwa cha upepo. Baadae wataalamu wa Marekani walikiondoa kabisa kile kipengele cha urefu wa maji kwenye ngazi za kategoria, na kuanzia 2017 wanatoa tahadhari ya maji ya bahari peke yake, mbali na ile ya upepo. Imewachukua miaka yote hiyo.

Na kimbunga Sandy je? Oktoba 29, 2012 ilipofika pwani ya New Jersey, jirani na jiji la New York, wataalamu walikuwa wameshaiondoa rasmi kwenye daraja la vimbunga vya kitropiki, ukiangalia namba za upepo tu ungesema imepoa. Lakini ilikuwa pana ajabu na ilifika siku ya mwezi mpevu, na pale mjini maji yalifikia kilele karibu na saa ya maji kujaa. Bahari iliingia kwenye mahandaki ya treni za chini ya ardhi na kuvunja rekodi ya kipimo cha maji kilichopo kusini mwa Manhattan.

Hapo ndo nafika kwenye kitu kinachonikera zaidi, saa za maji. Mtu yeyote aliyekulia karibu na bahari anajua maji yanajaa na kupwa, na anajua bamvua, yaani maji kujaa kupita kawaida, linakuja mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, na katikati hapo ni maji mafu, yaani kujaa kwake ni kudogo. Hii elimu wavuvi wanayo tangu zamani. Ukichukua dhoruba inayopandisha bahari mita 2 ukaiweka juu ya bamvua saa ya maji kujaa unapata maafa, dhoruba hiyo hiyo ukiiweka juu ya maji mafu wakati yamekupwa, kwenye pwani yenye tofauti kubwa ya kujaa na kupwa, inaweza kupita watu wasilowe hata miguu. Kimbunga Idai kilipopiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, mwezi ulikuwa kwenye robo ya kwanza, yaani maji mafu. Na bado tuliona uharibifu ule. Beira ni sehemu ambayo bamvua lake linapanda mita nyingi, kwahiyo dhoruba ile ingechelewa wiki moja tu ikakuta mwezi mpevu bahari ingeingia juu zaidi ya pale ilipofika. Sijaona gazeti lililowaeleza watu hilo, na ni kitu cha kuwaeleza kwa sababu aliyepona safari ile anadhani ameshaona mwisho wa uwezo wa bahari.

Na cha ajabu, hizo saa za maji kujaa na kupwa zinajulikana miaka mingi mbele. Ni hesabu ya mwezi na jua, majedwali yake yanachapishwa kabla mwaka haujaanza, mabaharia wanayatumia kila siku. Dhoruba utaijua siku chache tu kabla, lakini bamvua la mwakani tunalijua leo. Kwanini haliko gazetini? Utabiri wa mvua upo, joto lipo, jua kuchomoza na kuzama vipo, bei za fedha za kigeni zipo, lakini maji ambayo yanaamua kama mtu wa pwani atalala kwake au la hayapo.

Manake vyombo vya habari vina sehemu yao katika hii habari, na nasema kwa heshima. Usiku wa Januari 31 kuamkia Februari 1, 1953 Bahari ya Kaskazini ilivunja matuta ya Uholanzi. Lilikuwa bamvua, na dhoruba kutoka kaskazini magharibi ilisukuma maji juu yake. Watu wa hali ya hewa walikuwa wameiona hatari na walituma telegramu za tahadhari, ila ilikuwa usiku wa Jumamosi, redio za Uholanzi zilishafunga matangazo kama ilivyokuwa kawaida yao, watu wakalala. Walikufa 1,836 Uholanzi peke yake na 307 Uingereza. Baada ya pale Waholanzi walijenga kazi kubwa kubwa za kuzuia bahari, milango ya kuzuia bahari kwenye mdomo wa Scheldt Mashariki ilikamilika 1986, ule mlango mkubwa wa kulinda Rotterdam ukaja 1997, na London nao wakaweka mlango wao kwenye mto Thames ulioanza kufanya kazi 1982. Zote hizo nazisifu. Lakini usiku ule kilichokosekana kwa maelfu ya watu ni mtu wa kuwaamsha akawaambia pandeni juu.

Nchi nyingi haziwezi kujenga milango ya hivo, na wala mlango haumalizi kazi ya kutoa habari. Venice, Italia, wamemaliza kuweka mageti yao ya chini ya bahari, yakainuliwa kwa mara ya kwanza kuzuia bahari Oktoba 2020, mji ukabaki mkavu, watu wakashangilia. Desemba 8 mwaka huo huo utabiri ukasema maji hayatafika kiwango cha kuinua mageti, hayakuinuliwa, maji yakafika sentimita 138 na mji ukafurika. Kwahiyo hata mwenye mitambo anategemea utabiri wa maji, na utabiri una makosa yake. Mtuandikie na hilo, kwamba wataalamu wanategemea kati ya hapa na hapa, na ubaya wake unaweza kufika hapa. Msomaji sio mtoto, ataelewa.

Sasa mtasema tukiandika mita 3 si inatosha? Haitoshi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mita 3 kutoka wapi? Urefu ulio kwenye majedwali ya mabaharia unapimwa kuanzia alama ya chini kabisa ambayo maji yanapwa, kwa sababu nahodha anataka kujua chombo chake hakitagusa mwamba. Mama aliyeko nyumbani na watoto anataka kujua kitu kingine kabisa, maji yatafika magotini, kiunoni au juu ya mlango, kwenye mtaa wake. Tofauti ya vipimo hivyo viwili inaweza kuwa mita kadhaa. Kimbunga Haiyan kilipopiga Ufilipino Novemba 2013 tahadhari ya maji ilitolewa kabla, tena ilitaja mpaka mita 7, lakini watu wengi wa mji wa Tacloban hawakupata picha ya maana yake, hakuna aliyewaonyesha mita 7 ni ghorofa ya ngapi kwenye barabara yao. Wengine walikwenda kwenye majengo waliyoelekezwa kujihifadhi na majengo yenyewe yakafikiwa na bahari, kwa sababu yalichaguliwa kwa kuangalia upepo, yana kuta nzuri, paa imara, yapo chini. Walikufa zaidi ya watu 6,000 katika kimbunga kile. Mita 7 ilikuwepo kwenye karatasi!

Tena maji ya baharini yanayotembea hayahitaji kuwa mengi. Sentimita 15 zinazokwenda kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 60 zinabeba gari la kawaida. Na njia za kutokea ndo mara nyingi zinafunikwa kwanza, saa kadhaa kabla kimbunga chenyewe hakijafika, manake barabara nyingi za pwani zimepita chini chini kuvuka vijito na mabwawa. Mtu anayesubiri aone upepo umekuwa mkali ndo atoke atakuta barabara imeshaliwa. Hii nayo ingeandikwa gazetini kwa saa, barabara fulani itafunikwa kuanzia saa fulani, ingeokoa watu kuliko picha kubwa ya mnazi ulioinama.

Kitu kingine ambacho watu hawaambiwi, wakati mwingine bahari inaondoka kwanza. Upepo ukiwa unavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini unayafukuza maji, sakafu inabaki wazi, kama ilivyotokea ghuba ya Tampa huko Florida 2017 wakati wa kimbunga Irma, na watu wakashuka kutembea pale wanapiga picha. Kimbunga kikizunguka upepo unageuka na maji yanarudi, yakirudi hayasubiri mtu apande. Bahari ikikauka saa ambayo haikutakiwa kukauka usishuke hata kama wenzako wameshuka.

Alafu kuna haya mafuriko yasiyo na dhoruba kabisa. Jua linawaka, hakuna wingu, bamvua linajaa na maji yanatokea kwenye mifereji ya barabarani, ile mifereji iliyojengwa kupeleka maji ya mvua baharini sasa inaleta ya bahari mjini kwa sababu bahari imekuwa juu kuliko mdomo wa bomba. Miami na Charleston huko Marekani wanayajua, miji ya kaskazini mwa kisiwa cha Java, Indonesia, inayajua sana, visiwa vya bahari ya Pasifiki kama Tuvalu na Marshall vinayajua kuliko wote. Desemba 2008 visiwa vya Marshall vilifurika kwa mawimbi yaliyotoka kwenye dhoruba iliyokuwa mbali mno, kwao hali ya hewa ilikuwa tulivu. Watu wanayaona haya kama kero tu, viatu vinalowa, magari yanapata kutu, lakini maji ya chumvi yanaua visima, yanaingia kwenye vyoo na kuvifurisha, yanakula nyaya za umeme na vyuma vilivyo ndani ya zege, na shamba lililoingiliwa linaweza kukaa misimu kadhaa bila kuotesha vizuri.

Na yataongezeka, hilo halina ubishi. Wastani wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kati ya 2006 na 2018 ilikuwa inapanda kama milimita 3.7 kila mwaka, kasi kubwa kuliko ya miaka ya nyuma. Sentimita 20 mtu anaona ndogo, lakini kama ukingo wako ulikuwa unapitwa na maji mara moja kwa miaka mingi, sentimita hizo zinatosha kuufanya upitwe mara kwa mara. Sehemu zingine ardhi yenyewe inazama kwa sababu watu wanavuta maji ya visima virefu kupita kiasi, Jakarta kuna mitaa iliyoshuka kwa sentimita nyingi mwaka baada ya mwaka, kasi inayozidi kabisa ile ya bahari kupanda, na hapo hata ungeizuia bahari leo bado ungefurika. Mwezi nao una mzunguko wake wa miaka 18.6 unaofanya maji kujaa yawe juu zaidi kwa miaka kadhaa na chini zaidi miaka mingine, ndo maana wataalamu wa NASA, shirika la anga la Marekani, wanasema miaka ya 2030 katikati miji mingi ya pwani ya Marekani itaona siku za mafuriko zikiruka ghafla. Miaka ambayo mzunguko uko chini watu wanatulia, wanajenga karibu zaidi na maji, na wanaouza viwanja wanauza.

Kuhusu mikoko nitasema kidogo kwa sababu imeshasemwa sana, msitu wa mikoko unapunguza urefu wa maji ya dhoruba kwa kati ya sentimita 5 na 50 kwa kila kilomita yanayopita, na Odisha, India, baada ya kimbunga cha 1999 vijiji vilivyobakiwa na mikoko mipana mbele yake vilipoteza watu wachache kuliko vilivyokatiwa yote. Mnaoripoti habari za viwanja vya ufukweni muulize kila mara hapo palikuwa na nini kabla.

Ila nchi inayonipa moyo ni Bangladesh. Baada ya maafa yale ya 1970 walianzisha mpango wa tahadhari wakishirikiana na Hilali Nyekundu (ndugu wa Msalaba Mwekundu), watu wa kujitolea wa vijijini wenye bendera na vipaza sauti wanaopita nyumba kwa nyumba. Haikuwa rahisi, 1991 walikufa tena karibu watu 140,000, wengi wao wanawake na watoto, wengine hawakutaka kuacha mifugo au kwenda kukaa kwenye majengo yaliyojaa wanaume wasiowajua. Wakajenga majengo mengi zaidi yaliyonyanyuliwa juu ya nguzo, wakaweka sehemu za wanawake, wakainua vilima vya udongo vya kuweka mifugo. Kimbunga Sidr cha 2007 kiliua watu kama 3,400, na kimbunga Amphan cha 2020, kilichokuja katikati ya korona, waliwahamisha watu zaidi ya milioni 2 na vifo vyao vikawa vya kuhesabika kwa makumi. Bahari ni ile ile na ghuba ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba kila kaya inafikiwa na mtu inayemjua, anayewaambia maji yanakuja saa ngapi na waende wapi.

Kwahiyo ombi langu kwenu Mhariri ni hili. Kila siku, pale kwenye kona ya hali ya hewa, wekeni saa za maji kujaa na kupwa na urefu wake, na siku za bamvua kubwa muweke alama inayoonekana. Dhoruba ikitangazwa waulizeni watu wa hali ya hewa maji yatafika juu ya ardhi kwa kiasi gani na saa ngapi, mtaa kwa mtaa kama inawezekana, na wakijibu kwa vipimo vya mabaharia wabaneni mpaka wajibu kwa vipimo vya mtu aliyesimama mlangoni kwake. Waulizeni pia majengo ya kujihifadhi sakafu yake iko mita ngapi juu ya bahari, hilo swali lichapishwe na jibu lake lichapishwe, na kama hakuna jibu mchapishe kwamba hakuna. Msiache kuandika upepo ukitulia, kwenye midomo ya mito maji yanaweza kuendelea kupanda baada ya dhoruba kupita na watu wanarudi majumbani wakidhani yameisha.

Na hizi habari zianze kabla ya msimu. Dhoruba ikishapewa jina watu wanatafuta mishumaa na chaji ya simu, hawana muda wa kujifunza kusoma jedwali. Wakilizoea jedwali miezi ya utulivu watalielewa siku hiyo. Jedwali la maji halili nafasi kubwa, mistari miwili tu chini ya utabiri. Naomba mnijibu kwenye ukurasa huu huu kama mtaweza na kuanzia lini.

Wenu,
Msomaji anayeishi jirani na bahari